Mbeba Tao wa Rebolinha

Siku hizi mtaa wetu unaamshwa na masanduku ya magurudumu. Zamani aliyetuamsha alikuwa muuza samaki. Sasa ni watalii wanaoburuta mizigo yao juu ya mawe, krrr, krrr, krrr, wakitafuta mlango ambao namba yake iko mbele ya macho yao. Siwachukii. Mji wetu ni mzuri, na mwenye nyumba nzuri hashangai akipigiwa hodi. Lakini niacheni nilalamike kidogo. Nimezaliwa Rebolinha, nimeolewa Rebolinha, nimemzika mume Rebolinha, na wenyeji tuliobaki kwenye mtaa huu wa ngazi tunajuana hadi kwa kikohozi.

Juni ile nilikuwa na hasira kuliko kawaida yangu. Siku zilikuwa zimebaki chache tu kufika mkesha wa Mtakatifu Antoni, ambapo mitaa ya Lisbon inateremka Barabara Kuu kwa ngoma mbele ya majaji, kila mtaa na mavazi yake, wimbo wake, na matao yake ya maua na taa za karatasi. Wanaume hubeba matao, wanawake hucheza mbele yao mikono kiunoni. Mimi, Felismina, ndiye ninayefundisha ngoma ya Rebolinha, na bado ninaicheza, magoti yapende yasipende. Na mwenzi wangu wa kucheza, Zeferino muuza magazeti, alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akining'iniza mapambo, akavunjika kifundo cha mguu.

Utasema, si mtafute mwingine? Nani? Vijana wetu wamehamia ng'ambo ya mto ambako kodi ina huruma kidogo. Wa akiba tulishawamaliza Mei. Na sheria ya mashindano ni msumeno: jozi ikipungua moja, mtaa hauteremki, na nafasi yenu wanapewa wengine wanaoingoja kwa mate. Rebolinha imeteremka tangu mama yangu akiwa msichana. Leo nikae kwenye kochi niwatazame watu wa mtaa wa jirani wakipita kwenye televisheni? Afadhali nizikwe.

Basi nilikuwa mlangoni pangu nachoma sadini, moshi machoni, vyungu vyangu vya mrehani vimepangwa kwenye kizingiti vinauzwa, ndipo wakashuka wale wawili wa namba kumi na tisa. Nyumba hiyo yote imegeuzwa ya wageni. Mwanamume alikuwa Mfaransa, mnene, mwenye kofia ya majani na ramani, uso wake mwekundu kwa furaha na jua. Alishapanda kwenye ngome, alishaingia kanisa kuu, alishapanga foleni ya tramu, na yote hayo alinieleza kwa mikono. Mke wake alisimama nyuma yake kimya, blauzi ya bluu, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana.

Yule bwana akainama, akazamisha pua yake nzima kwenye chungu cha mrehani.

"Ebo! Toa pua hiyo!" nikafoka. "Unauua mmea wangu!"

Hakuelewa hata neno. Akacheka, akanipigia saluti. Mrehani wa Mtakatifu Antoni ukiguswa na pua unakauka, hilo kwetu anajua hata mtoto wa kunyonya, lakini utamwelezaje mtu mwenye ramani?

Mke wake akasogea. Akanyoosha kiganja, akakipitisha juu ya majani polepole, akakipeleka puani, akafumba macho, vilevile tunavyounusa sisi wenyeji.

Koleo langu likasimama hewani na sadini yake.

"Wewe, dada, umetoka wapi?" nikamuuliza kwa lugha yetu.

"Ufaransa," akajibu kwa Kifaransa, haraka mno, kisha akamshika mumewe mkono wakaondoka. Kwa mtu asiyejua lugha yetu, alilielewa swali langu vizuri ajabu. Nilibaki na mashaka yangu, na sadini zikaungua upande mmoja.

Jioni hiyo tulifanya mazoezi uani kama kawaida. Ua wetu una mfereji katikati, wa kupitisha maji ya mvua, umekuwepo tangu enzi za mababu. Kwa sababu ya mfereji huo, ngoma ya Rebolinha ina mruko mmoja ambao mtaa mwingine wowote hauna: ukifika mstari wa tatu wa wimbo unavuta mguu, kisha unaruka. Huko Barabara Kuu hakuna mfereji, ni lami tupu, lakini sisi tunauruka hivyohivyo. Wanaotucheka na watucheke.

Kodiani ikaanza, tarumbeta zikafuata. Nilicheza na hewa. Mzee Eleuterio, mwenyekiti wa klabu yetu, alijaribu kulibeba tao la Zeferino yeye mwenyewe. Huyu ni dereva wa tramu mstaafu ambaye mpaka leo akitaka apishwe hupiga kengele kwa mdomo. Alipiga hatua tatu, akashika kiuno, akaketi.

"Tumekwisha," akasema.

"Umekwisha wewe," nikamjibu. "Mtaa bado upo."

Lakini moyoni nilijua. Nikageuka pembeni nisionekane uso wangu, na hapo ndipo nikamwona. Watalii walikuwa wamesimama kwenye ngazi wakipiga picha, na nyuma yao wote, karibu na ukuta, blauzi ya bluu ilikuwa ikienda na kurudi. Yule mama alikuwa anacheza. Mara ya kwanza nilidhani anakosea, maana wanawake wetu walipoanza na mguu wa kulia, yeye alianza na wa kushoto. Walipokwenda huku, yeye akaenda kule. Nikatazama mikono yake. Haikuwa kiunoni. Aliiinua mbele ya kifua, ngumi zimefungwa, imeachana kiasi cha mabega. Alikuwa ameshika miti ya tao ambalo halipo.

Mstari wa tatu ukafika. Akavuta mguu, akaruka mfereji, pale ngazini ambapo hakuna mfereji.

"Simamisha!" nikapiga kelele, hata mpiga kodiani akashtuka. "Wewe! Wa bluu! Usiondoke!"

Alikuwa ameshageuka aende zake. Nikapanda ngazi zile kwa magoti haya haya, nikawasukuma watalii na kamera zao, nikamdaka mkono.

"Nani amekufundisha kuruka mfereji?"

Mumewe akatutazama mimi na yeye, yeye na mimi. Kisha yule mama akajibu, na hakujibu Kifaransa tena, alijibu kwa lafudhi ya ngazi hizi hizi, imeshika kutu lakini ni yenyewe.

"Mama."

"Mama yako nani?"

"Deolinda."

Deolinda! Niliicheza ngoma ile ujana wangu wote nikitazama kisogo cha Deolinda, kwa sababu yeye alikuwa mstari wa mbele na mimi wa pili, na nilimwonea wivu mchana kweupe, akajua, tukapendana hivyo hivyo. Mumewe alipofia bandarini, akamchukua binti yake mdogo akaenda Lyon kufagia nyumba za watu. "Juni ijayo nipo hapa, Felismina," aliniambia, "usije ukakaa kwenye nafasi yangu." Nafasi yake niliikalia ilipokwisha Juni ya tatu. Hakurudi.

"Wewe ndiye Noemia," nikasema. "Uliyekuwa ukiiba vipande vya ganda la mkate."

"Ndimi. Mama alifariki mwaka juzi, Bi Felismina. Kifua."

Tukaketi palepale kwenye ngazi. Alinieleza kwamba kila mkesha wa Mtakatifu Antoni, jikoni kwao Lyon, mama yake alikuwa akisogeza meza ukutani, akimsimamisha binti yake mbele yake uso kwa uso, akimpa mafagio mawili ayashike juu, kisha anaimba na wanacheza. Kila mwaka. Hata mwaka wa mwisho, anakohoa, walicheza.

"Lakini nimewatazama nyinyi leo," akasema, "nimegundua nimekosea maisha yangu yote. Nyinyi wanawake mnakwenda kulia, mimi nakwenda kushoto. Nimeona aibu."

"Hujakosea hata hatua moja, mwanangu. Hiyo uliyofundishwa ni ya mwanamume."

Akanitazama.

"Mafagio yale yalikuwa tao," nikasema. "Mama yako alikuwa anacheza ya kwake, na wewe akakupa ya mwenzi wake."

"Kwa hiyo hakuwa ananifundisha?"

"Alikufundisha vizuri sana, mbona nimeona. Ila alikuwa hana wa kucheza naye."

Alilia hapo, kilio cha mtu mzima, bila kujificha. Na mimi nililia, na sikuwa na leso, nikatumia aproni yenye harufu ya samaki. Mumewe, ambaye jina lake Didier, hakujua lililotokea lakini alivua kofia yake, na kwa hilo nikaanza kumpenda.

Nilipopata sauti nikamuuliza kwa nini alinijibu Ufaransa pale mlangoni. Mkataa kwao mtumwa, nikamwambia, hata kama kwao ni ngazi zenye harufu ya paka.

"Sikukataa kwetu," akasema. "Didier ndiye alinipa zawadi ya hizi siku nne za matembezi. Alichagua nyumba kwa sababu ya picha, hakujua lolote. Nilipoona ni namba kumi na tisa nikanyamaza. Nikasema nitapita tu, kama yupo atakayenitambua, vizuri. Lakini nilipofika mlangoni, Bi Felismina, mlango niliozaliwa nyuma yake, nikaufungua kwa namba za siri nilizotumiwa na mtu nisiyemjua. Nikaona kumbe ni kwetu kulikonikataa."

Nikamvuta mkono nikamshusha hadi uani, katikati ya watu, nikamsimamisha mbele ya Mzee Eleuterio.

"Mbeba tao huyu hapa."

Eleuterio akamtazama juu mpaka chini. "Huyu ni mtalii."

"Ni mtoto wa marehemu Deolinda."

"Mungu amrehemu Deolinda, lakini huyu ni mtalii. Na ni mwanamke. Tangu dunia iumbwe, Rebolinha tao halijabebwa na mwanamke."

"Na tangu dunia iumbwe Rebolinha haijakosa kuteremka. Chagua lipi livunjike."

"Na kanuni ya klabu, mama? Mchezaji sharti awe mkazi wa mtaa!"

"Jana huyu kalala wapi?"

"Namba kumi na tisa, kila mtu anajua."

"Na wewe jana umelala wapi?"

Mzee akakohoa. Wote tunajua kwamba tangu mwaka jana analala kwa binti yake ng'ambo ya mto, na huja kwetu kila asubuhi na kivuko.

"Hebu sema, mwenyekiti," akadakia Zeferino kutoka kwenye kiti chake, mguu wake mweupe wa plasta umenyooshwa mbele. "Kati yako na yeye, mkazi nani?"

Watu waliangua kicheko hadi mpiga ngoma akaangusha vijiti. Eleuterio akawa mwekundu, akajaribu kununa, akashindwa.

"Haya," akasema. "Lakini tao siyo fagio, binti. Linyanyue tukuone."

Noemia akalisogelea tao. Lina fremu ya chuma, taa, maua, na picha ya mtakatifu juu yake, na wanaume wazima huomba kupumzika. Akashika miti miwili, akakunja magoti kidogo, akalinyanyua kama anayemwinua mtu kitandani.

"Mimi ni mhudumu hospitalini," akasema huku ameshalisimamisha. "Kila asubuhi nainua wazee wazito kuliko hili, na hili la kwenu angalau halinitukani."

Nikaenda nikasimama mbele yake, mikono kiunoni. Muziki ukaanza. Alianza na mguu wa kushoto, mimi wa kulia. Tulikwenda na kurudi, tukazunguka, tao likapita juu ya kichwa changu bila kunigusa nywele. Kwenye mfereji tuliruka pamoja. Nilipogeuka, Eleuterio alikuwa ameshikilia kofia yake kifuani.

"Anaruka kama mama yake," akasema. Kisha akakumbuka cheo chake. "Mabega hayajakaa sawa. Mnarudia."

Tulirudia kila jioni. Mchana Didier alikuwa na tiketi za kutembelea nyumba ya watawa na makumbusho ya vigae. Aliziweka mfukoni zikakaa humo. Tulimkalisha klabuni, tukampa gundi na karatasi, akatengeneza maua mengi kuliko mtu yeyote, mabaya mwanzoni, mazuri baadaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikamwambia, na akaitikia "ndiyo, ndiyo" kama kweli kaelewa. Fulana na suruali ya Zeferino zilipunguzwa kiunoni na kuachiliwa mabegani. Zeferino alisema inamuuma kuona suruali yake inapendeza zaidi kwa mwingine.

Ikafika siku yenyewe. Jua lilikuwa halijazama bado tulipojipanga juu ya Barabara Kuu, mitaa mbele yetu na mitaa nyuma yetu, wote wakijifanya hawatutazami. Noemia alikuwa amepauka.

"Nikikosea je?"

"Kosea kwa kujiamini. Majaji watadhani ni mtindo mpya."

"Bi Felismina, sina mzaha."

"Hata mimi sina. Sikiliza. Usiwaangalie watu. Niangalie mimi."

Tarumbeta zikalia, tukateremka. Jamani, nimeteremka barabara ile mara nyingi, lakini sijawahi kuteremka vile. Pande zote mbili watu, na kwenye madirisha watu, na mtaa wa Rebolinha katikati, kamili, jozi zote, tao kwa tao. Nilisikia fahari hadi kwenye meno. Tuliofukuzwa na kodi, tuliobaki vikohozi kumi, sisi hao! Nilitamani kila mwenye nyumba aliyewahi kutuandikia barua ya kutuondoa awe amesimama pale ukingoni na atuone.

Mbele ya jukwaa la majaji upepo ukaja kutoka mtoni. Matao yote yaliyumba. Tao la mbele yetu liligonga la jirani na taa mbili zikaanguka. La kwetu likaegemea, likaegemea zaidi, nikaona miti inamponyoka. Noemia akapanua miguu, akashusha kiuno, akalivuta likarudi. Hakukosa hata pigo moja. Mstari wa tatu ukafika, tukauvuta mguu, tukauruka mfereji usiokuwepo, mtaa mzima kwa pamoja, na kutoka kwenye viti vya nyuma kabisa, wanakokaa waliohama, watu wetu waliotawanyika hadi kusikojulikana, nikasikia wanapiga kelele: "Mfereji! Mfereji!" Walikuwa wamesimama juu ya viti, wazee kwa vijana.

Hapo ndipo tulipogeukiana uso kwa uso. Nilikuwa nimesimama mahali alipokuwa akisimama Deolinda jikoni. Noemia akanitazama, na machozi yakamtiririka, mikono haiwezi kuyafuta kwa sababu imebeba tao.

"Lia," nikamwambia katikati ya meno, "lakini meno yaonekane."

Akatabasamu, akalia, akacheza.

Matokeo yalipotoka tulikuwa wa saba. Majaji wana macho yao, na mimi nina maoni yangu juu ya macho hayo, tuyaache. Nilichotaka nilikuwa nimeshakipata mwisho wa barabara, pale tulipokuwa tunahema na kukumbatiana, Didier anapiga picha huku kofia imempinda. Akaja kijana wa televisheni na kipaza sauti, anakimbia, amesikia habari mahali.

"Tunaambiwa mwaka huu Rebolinha mmebebewa tao na mtalii!" akasema kwa sauti ya kuchekesha watu. "Mtalii mwenyewe yuko wapi?"

Nilimtazama Noemia. Hakuwa ameshusha tao bado. Alikuwa amelisimamisha wima kando yake, mkono mmoja.

"Mtalii yule pale, mwenye kofia," akasema kwa sauti ya ngazini kwetu, sauti ya kuita mtu aliyeko ghorofani. "Ni mume wangu. Mimi ni Noemia wa Deolinda. Nimezaliwa Rebolinha, namba kumi na tisa, ghorofa ya pili."

Mzee Eleuterio akapiga kengele kwa mdomo, watu wakampisha, akaja akasimama karibu naye akiwa amevaa sura yake ya mwenyekiti.

"Mlango wa kushoto," akamwambia yule kijana. "Andika vizuri."